Kanga mbili na stuli moja: kuandaa igizo la mwanamke mmoja anayeishi na saratani ya titi

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo: mwandishi, mwigizaji mmoja, mwongozaji, na mtu wa nne wa kushika saa na vifaa. Igizo lenyewe ni la dakika 45 hadi 50, linachezeka kwenye ukumbi wa kata, darasani, uani kwa kanisa au chini ya mwembe, na vifaa vyake vyote vinaingia kwenye begi moja la mgongoni. Tumechukua saratani ya titi kwa sababu matibabu yake yana hatua nyingi zinazoonekana kwa macho. Anayetaka kuandika juu ya saratani ya mlango wa kizazi atafuata njia hiihii, ila ratiba ya dawa na mionzi ataipanga upya.

Maigizo mengi ya ugonjwa huanguka kwa kuandikwa kama matanga. Mwanamke anaingia analia, anaeleza, analia tena, anaanguka, taa zinazimwa. Lakini mgonjwa wa saratani hashindi akiwaza kifo. Anashinda akiwaza nauli, foleni, kipimo cha damu, watoto watakula nini jioni, na kwa nini chai ya leo ina ladha ya msumari. Ana ratiba. Igizo lijengwe juu ya ratiba hiyo.

Hatua ya 1: Mpe mhusika kazi ya mikono

Usianze na "mgonjwa". Anza na mwanamke mwenye kazi, kisha ugonjwa uingie ndani ya kazi hiyo. Mfano tutakaoutumia hadi mwisho ni Mwajuma, mama lishe wa miaka 42 mwenye kibanda karibu na stendi. Kazi hii inafaa kwa sababu kemo, yaani dawa za saratani zinazoingizwa kwa dripu, inamgonga palepale anapopatia riziki. Harufu ya kitunguu kikikaangwa, ambayo ndiyo inayomwitia wateja, sasa inamtapisha. Mdomo unaonja chuma, hivyo hawezi kupima chumvi, na wateja wanaanza kulalamika kuwa mchuzi umezidi chumvi. Baadaye, akihamishiwa dawa za kundi la paklitakseli, vidole vinakufa ganzi: sahani zinamponyoka, na anashika sufuria ya moto bila kuhisi mpaka anaona ngozi imebabuka.

Mshonaji naye anafaa (ganzi na sindano), na mwalimu pia (vidonda vya mdomo na sauti). Mhusika asiye na kazi atakulazimisha uandike hisia tupu, na hisia tupu hazichezeki kwa dakika 45.

Hatua ya 2: Chora kalenda kabla ya kuandika mstari wowote

Chukua karatasi ya manila, chora miraba 21. Huo ni mzunguko mmoja wa kemo ya kawaida ya titi: dripu siku ya kwanza, kisha mapumziko, kisha kurudi. Jaza hivi.

Siku ya 1, dawa. Ile nyekundu, doksorubisini, humfanya mgonjwa akojoe mkojo wa rangi ya chungwa au nyekundu kwa siku moja au mbili. Asipoambiwa mapema, hudhani anatoka damu. Hapa una tukio la kuchekesha na la kutisha kwa pamoja, tena la kweli. Siku ya 2 hadi ya 5, kichefuchefu na uchovu wa aina ambayo usingizi hauuondoi. Siku ya 7 hadi ya 14, chembe nyeupe za damu zinashuka chini kabisa, vidonda vya mdomo vinatoka, na homa ya nyuzi 38 si ya kumeza panadol na kulala, ni ya kwenda hospitali usiku huohuo. Kati ya wiki ya pili na ya tatu baada ya dozi ya kwanza, nywele: kwanza ngozi ya kichwa inauma ukiigusa, halafu zinabaki kwenye mto na kwenye kitana. Siku ya 18 hadi ya 20, nguvu zinarudi. Anapika. Anacheka. Anaonja chumvi na kuipata.

Siku ya 22, yaani siku ya 1 ya mzunguko mpya, anarudi kwenye dripu.

Hayo ndiyo mapigo ya moyo wa igizo: anarudishwa kitini siku ileile aliyopona kidogo. Huna haja ya kubuni msiba mwingine. Mizunguko sita au minane huwezi kuionyesha yote. Onyesha wa kwanza kwa ukamilifu, wa pili kwa nusu, na inayofuata ipite kwa sentensi mojamoja huku anafunga na kufungua kilemba. Halafu, mzunguko wa nne au wa tano, aende na aambiwe "damu haijatosha, rudi wiki ijayo". Kwa asiyejua, kuahirishiwa dawa ni nafuu. Kwa mgonjwa ni pigo: nauli imekwenda, wiki imekwenda, na hofu kwamba uvimbe unatumia nafasi hiyo. Ukiandika tukio hilo vizuri, hakuna atakayekuuliza kama umefanya utafiti.

Mpangilio wa matibabu nao uwe sahihi. Mwajuma alichelewa, uvimbe ni mkubwa, kwa hiyo anaanza na kemo, kisha upasuaji wa kuondoa titi, kisha mionzi, na kama kipimo kimeonyesha uvimbe unalishwa na homoni, anamalizia na kidonge cha kila siku cha tamoksifeni kwa miaka 5 au zaidi. Uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingi upasuaji hutangulia. Kabla ya yote hayo kuna kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha uvimbe) kwa sindano na kupelekwa maabara, na majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Usiziruke wiki hizo. Kusubiri ni tukio.

Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, mara nyingi kwa siku 15 hadi 25. Tanzania ilikuwa na tiba ya mionzi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, pekee kwa miaka mingi kabla ya hospitali ya Bugando, Mwanza, kuanza. Kwa hiyo mgonjwa wa Mtwara au Songea anayekuja Dar es Salaam analala kwa ndugu majuma hayo yote, na ndugu ana mke, na mke ana maneno. Dakika yenyewe ya mionzi haiumi wala haionekani; kinachochezeka ni sebule ya shemeji, na alama za wino kifuani alizokatazwa kuzifuta anapooga.

Hatua ya 3: Kusikiliza wagonjwa bila kuwaibia

Ongea na wanawake watatu hadi watano waliopita njia hiyo, na muuguzi mmoja wa wodi ya saratani. Usiende wodini na daftari. Pitia uongozi wa hospitali au kikundi cha waliopona, toa barua, subiri jibu. Kabla ya maongezi mwambie mhusika mambo manne: igizo ni la nini, litachezwa wapi, jina lake halitatumika, na anaweza kubadili mawazo mpaka siku fulani unayoitaja. Taarifa za afya zinalindwa na sheria, Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya kwa sheria ya 2019, lakini hata kama sheria isingekuwepo, mtaani watu wanatambuana kwa kitu kidogo. Badilisha kazi, idadi ya watoto, na mtaa. Changanya watu watatu wawe mmoja.

Swali la "ulijisikiaje?" huleta jibu la redioni. Uliza vitu: siku ile ulivaa nini? Nani alishika mkoba wako? Ulikula nini ulipotoka? Nesi alikuitaje? Ndipo utakapopata kauli kama ile ambayo wagonjwa wengi wanaijua, simu ya hospitali inayosema, "Mama, majibu yametoka. Njoo na ndugu." Neno "saratani" halijatamkwa, na mtu amekwishaelewa.

Hatua ya 4: Kuandika

Maneno ya Kiswahili ni marefu, na jukwaani kuna vimya. Kadiria maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Igizo la dakika 45 ni maneno 4,000 hadi 4,500, si zaidi. Miswada mingi ya kwanza huja na maneno 7,000, na zile 2,500 za ziada karibu zote ni maelezo ya daktari.

Tukio la kugundua uvimbe lina shida ya stara. Ukweni wapo, mashehe wapo, watoto wa shule wapo. Usimshikishe mwigizaji kifua chake. Mpe unga akande.

MWAJUMA: (Anakanda.) Wateja wa saa moja hao, wakikuta chapati hazijaiva wanahamia kwa Mama Shafii. (Anakanda. Kidole kinasimama. Anakirudisha palepale.) Hii nini? Chumvi? (Anabonyeza.) Chumvi ingeyeyuka. (Kimya. Anaangalia mkono wake, halafu kifuani, haraka, halafu wateja.) Karibu, karibu! Supu ipo.

Watazamaji wataelewa kabla yake. Kwa unga huo: nusu kilo ya unga wa ngano, maji robo lita, vijiko viwili vya mafuta. Ni mgumu kuliko wa chapati za kula, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiulainisha, joto la taa litaugeuza gundi na mwigizaji atamaliza tukio akichuna vidole. Ukande nusu saa kabla na uufunike kwa kitambaa kibichi, la sivyo unaota ganda. Dengu moja kavu iingizwe dakika 10 kabla ya kuanza, si mapema, kwa sababu ikikaa inalainika. Weka alama ya dole gumba upande wa pili wa donge ili mwigizaji ajue ilipo bila kutafuta.

Makosa ya kitabibu yanayorudi kila mara, yafute kwenye mswada kabla muuguzi hajayaona. Nywele hazitoki siku inayofuata dripu. Mionzi ya kifuani haing'oi nywele za kichwani. Mgonjwa anayetoka kwenye mashine ya mionzi hana mionzi mwilini. Anambeba mwanawe na kulala naye kama kawaida. Kukohoa damu si alama ya kila saratani, ni mazoea ya filamu. Uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni, ndiyo maana watu huuacha. Lakini vilevile uvimbe mwingi wa titi si saratani, na igizo lisiporuhusu ukweli huo usikike walau mara moja, litawatisha wanawake wasiende kupima kabisa.

Imani ya kwamba "ikiguswa na kisu inasambaa" utaikuta kila mahali. Mpe mama mkwe aitamke, kwa upendo, maana ndivyo inavyotamkwa. Usimjibu kwa hotuba. Mjibu kwa tendo: Mwajuma anasaini fomu ya upasuaji huku anatetemeka. Mganga wa kienyeji naye usimfanye kichekesho. Nusu ya ukumbi wamewahi kwenda kwake. Ukiwacheka watakufungia masikio. Mwonyeshe kama mtu aliyempa Mwajuma dawa na miezi minne ikapita, basi. Miezi minne inajisemea.

Kilio ni kimoja tu katika igizo zima, na kiwe mahali pasipotarajiwa. Si siku ya majibu. Kiwe pale mteja anaposema mchuzi una chumvi.

Na usimalize kwa "kwa hiyo akina mama tukapime". Hiyo ni kazi ya muuguzi baada ya onyesho.

Hatua ya 5: Vifaa

Stuli moja ya mbao isiyoyumba. Bakuli la unga. Beseni dogo. Simu ya batani. Kipande cha mkaa. Doti moja ya kanga. Karibu igizo zima liko kwenye doti hiyo, kwa hiyo ichague kwa siku nzima ukibidi. Rangi isiyong'aa, pamba iliyofuliwa mara tatu au nne ili isikakamae. Soma jina lake. Watazamaji watalisoma hata wakiwa safu ya nyuma na watalichukua kuwa ujumbe wa igizo. Kanga yenye kijembe cha mke mwenza itaiba onyesho lote.

Kanga ya kwanza ikiwa kiunoni ni kibandani. Ikitandazwa juu ya stuli ni kitanda cha wodini. Ikikunjwa na kubebwa ni mtoto. Ya pili ikiwa begani ni mama mkwe, ikiwa kichwani ni kilemba baada ya nywele kwisha. Usiipe kanga maana mbili kwenye tukio moja, na kila ikibadilika ibadilike mbele ya macho ya watu.

Nywele. Usimnyoe mwigizaji. Nunua rasta fupi za kipilipili, zisizong'aa (zile laini zinameremeta chini ya taa kama plastiki), zikate sentimita 5 hadi 8, tengeneza mafungu sita madogo kama kitonge, uyabane kwa pini ndani ya upindo wa kilemba. Anapojikuna kichwani anachomoa fungu moja, analiangalia, analiweka kwenye beseni. La pili. La tatu anacheka. Yaliyobaki yasitoke, ni ya akiba tu, kwa sababu pini moja huanguka kila wiki.

Dawa nyekundu: rozela iliyochujwa vizuri na kuongezwa maji mpaka mwanga upite, kwenye chupa ndogo isiyo na nembo. Isitumike sindano ya kweli, hata isiyo na ncha. Mwigizaji ananyoosha mkono, anaangalia pembeni, anahesabu matone kwa sauti. Inatosha.

Titi lililoondolewa ni tukio gumu kuliko yote na hutatuliwa kwa sponji. Mwigizaji avae sidiria iliyoshonewa mifuko miwili yenye mdomo ubavuni, kila mfuko na kipande cha sponji kilichovishwa kitambaa cha kahawia. Wakati wa upasuaji anawapa watu mgongo, kanga ikiwa mabegani, anatoa kimoja, anakiweka juu ya stuli. Anageuka. Gauni limelala upande mmoja. Asiseme neno kwa kuhesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Kosa linalojirudia hapa ni sponji kunasa kwa jasho. Mfuko uwe na nafasi ya vidole viwili, na zoezi hili lifanywe na gauni lenyewe, si fulana ya mazoezi.

Baada ya hapo, mkaa. Wanawake waliotolewa titi hufundishwa kupandisha vidole ukutani kama buibui ili bega lisikakamae. Tundika kitambaa cheupe cha mita mbili, Mwajuma apandishe vidole na kuweka alama ya mkaa pale mkono unapogomea. Kila tukio linalofuata, alama moja juu zaidi. Siku moja iwe chini ya ile ya jana. Watu wataanza kuihesabu wenyewe.

Hatua ya 6: Sauti nyingi, mtu mmoja

Mbali na Mwajuma, wahusika wanaosema wasizidi wanne: mume, mama mkwe, muuguzi, mteja. Kila mmoja apate vitu vitatu vya kumtofautisha: mahali anapoangalia, kasi ya kusema, na kanga inapokaa. Tafuta pointi ukumbini na usiihame. Mume ni mrefu, kwa hiyo Mwajuma anamwangalia juu kidogo kulia. Mtoto ni chini kushoto. Muuguzi ni usawa wa macho, mbele. Mwigizaji asiruke huku na huku kama anacheza kombolela. Ageuze kichwa na bega tu. Mazungumzo yakizidi mistari sita ya kujibizana, yakate.

Simu ichezwe upande mmoja. Tunamsikia Mwajuma tu. "Ndiyo, ni mimi. … Marahaba mwanangu. … Yametoka? … Na ndugu? … Ndugu wa nini?" Ile "marahaba" ni ya lazima. Muuguzi kijana anamwamkia kwanza, ndipo anamvunja.

Mapokeo yetu ya utambaji yanakuruhusu kusema na hadhira moja kwa moja, na ukumbi wa Kiswahili unapenda kujibu. Tumia hilo mlangoni: kila anayeingia apewe kikaratasi chenye namba, kama dirisha la mapokezi. Katikati ya igizo Mwajuma anasikia "namba thelathini na moja!" na ukumbi mzima unaangalia vikaratasi vyao. Ila namba 31 awe mtu wenu. Usimwite jukwaani mtu usiyemjua, maana anaweza kuwa na miadi ya kweli kesho asubuhi.

Hatua ya 7: Mazoezi

Wiki sita, siku nne kwa wiki, muda wa saa tatu kila siku, zinatosha kama mswada umekwisha. Wiki ya kwanza mezani, muuguzi awepo siku moja. Kuanzia wiki ya pili, kukariri. Katika igizo la watu wengi ukisahau mwenzako anakuokoa, hapa hakuna. Kwa hiyo asikariri kwa kurasa bali kwa vifaa. Gawa igizo katika vituo saba: unga, simu, kinyama, dripu, kilemba, sponji, mkaa. Kila kituo kianze kwa mkono kugusa kifaa, na maneno yafuate mkono. Akipotea, sheria ni moja: rudi kwenye kifaa ulichoshika, kiguse, vuta pumzi. Watu wataona mwanamke anayefikiri. Mkumbushaji akae safu ya kwanza na mswada mapajani, si nyuma ya pazia. Kunong'ona kwa nyuma kunasikika na wote isipokuwa mwigizaji.

Kama mwigizaji mwenyewe anatibiwa au aliwahi kutibiwa, mikataba ibadilike. Maonyesho yapangwe kukwepa siku ya 7 hadi ya 14 ya mzunguko wake, asisongwe na umati wakati kinga iko chini, na awe na neno moja la kusimamisha onyesho bila kutoa sababu. Kipi ni chake na kipi ni cha Mwajuma, aamue yeye, na mwongozaji asikitaje hadharani. Kwa yeyote anayecheza nafasi hii, maonyesho yasizidi manne kwa wiki, na kila baada ya onyesho apate dakika 10 peke yake: kuvua kilemba, kunawa uso, kunywa maji, kuitwa kwa jina lake halisi.

Hatua ya 8: Mahali, saa na vibali

Kwa onyesho la mtaani, saa 10:15 jioni ni bora kuliko usiku. Swala ya alasiri imepita, igizo linaisha saa 11, mazungumzo yanaisha kabla ya magharibi, na wanawake wanarudi nyumbani kungali kweupe. Faida ya pili: taa hazihitajiki. Mkilazimika kucheza usiku, taa nne za LED zinatosha, mbili mbele, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 45 na mbili nyuma kumtenga na ukuta. Jenereta ikae mbali, nyuma ya jengo, na ijaribiwe ikiwa imebeba mzigo wote.

Epuka Machi hadi Mei kwenye kumbi za bati. Mvua ya masika ikianza, hata spika haisaidii. Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, kumbi na wauguzi wote wameshikwa. Omba nafasi miezi mitatu kabla, au cheza Novemba. Kwa watu chini ya 100 ndani ya ukumbi usimvishe maikrofoni ya kichwani: kilemba kinaisugua na watu watasikia mchakacho badala ya Mwajuma.

Tanzania, michezo ya jukwaani imo kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kwa hiyo pitia Bodi ya Filamu na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kabla ya kutangaza. Mtaani anza na barua kwa mtendaji. Ukitumia wimbo wa mtu, kuna hakimiliki ya kulipia; mwigizaji akiimba mwenyewe wimbo wa jikoni usio na mwenyewe, gharama hiyo haipo na inapendeza zaidi.

Kitunguu. Wazo la kumaliza kwa Mwajuma kukaanga kitunguu halisi na harufu kujaa ukumbini litamjia kila mwongozaji, na ni zuri kweli. Lakini kumbuka kwa nini liko kwenye igizo. Kama kuna mtu ukumbini aliye kwenye dawa, utamtapisha. Fanya hivyo penye uwazi tu, baada ya kutangaza mlangoni, walio kwenye matibabu wakikaa pembeni penye upepo. Jiko dogo la gesi, kitunguu kimoja, kifuniko cha kikaango na ndoo ya mchanga karibu. Hospitalini usithubutu. Pale Mwajuma akate kitunguu kibichi, anuse, atabasamu, ameze kidonge chake cha leo kwa maji, na aite wateja.

Hatua ya 9: Baada ya makofi

Tenga dakika 30. Muuguzi au daktari aongoze, si mwigizaji. Mwigizaji akishaigiza vizuri watu watamwuliza dozi, ajibu, "Mimi nimeigiza, mwulize sista." Maswali yaandikwe kwenye karatasi zilezile za namba, yakusanywe kwenye beseni. Kwa mdomo watauliza wanaume watatu walewale, kwa karatasi utapata "mume wangu anaweza kunioa tena?" na "nikila sukari inakua?"

Hakikisha muuguzi amekuja na jibu la swali moja kuliko yote: mtu akigundua uvimbe kesho, aanzie wapi hapahapa. Taja zahanati au kituo cha afya kwa jina, siku za kliniki, na hospitali wanakopelekwa kwa rufaa. Msiahidi kipimo cha bure kama hamjathibitisha kwa barua. Weka viti viwili pembeni, mbali na spika, na mtu mmoja mtulivu; kila onyesho huwa na mwanamke anayesubiri watu wapungue ndipo asogee.

Mtu wa vifaa ahesabu mafungu ya rasta yawe sita, atupe unga (asiupe mtu, una dengu na jasho), na aloweke kanga usiku huohuo kwenye maji baridi. Doa la rozela likikauka halitoki.